Chafya za Lori Namba Kumi na Saba

Mke wa dereva alikuwa amekalia kiti cha plastiki karibu na mlango tangu ofisi ya kampuni ya malori ifunguliwe, pochi mapajani, na kila aliyepita alimwomba asogee kidogo. Hakusogea hata inchi. Alishaeleza habari yake kituoni, akaambiwa asubiri. Akamweleza Meneja wa magari, akaambiwa mapenzi yamemziba macho. Sasa alikuwa anamweleza Inspekta, na huyu angalau alivuta kiti akakaa mbele yake, mwanamke kwa mwanamke.

"Jana alipokupigia, nyuma ya sauti yake ulisikia nini?"

"Mashine ya baridi. Ile ya kwenye kontena la lori."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali wapi, dada yangu. Ilikuwa inanguruma sikioni. Akaniambia, 'Mama watoto, hawa watu wananifungia humu.' Nikasikia mlango unabamizwa, simu ikakata. Tangu hapo haipatikani."

"Alikuwa kavaa nini?"

"Shati la kazini. La mikono mifupi."

Inspekta akainuka. Hakuwa na swali lingine, na jibu alilopata lilitosha kumkosesha raha.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Lori namba kumi na saba lilitoweka jana mchana likiwa na dawa za hospitali, zile zikipata joto zinaharibika. Meneja alikimbilia kituoni kuandikisha wizi: dereva kakwapua mzigo, kaelekea mpakani. Mkuu wa kituo aliipenda hadithi hiyo kwa sababu haikuwa na kazi nyingi ndani yake. Magari ya doria yakatumwa barabara ya mpakani, likabaki moja tu mjini. Inspekta wa kitengo cha makosa ya mtandao, ambaye wenzake humkumbuka printa inapogoma, akapelekwa kwenye kampuni na Sajenti wake ili ionekane kila kitu kimefanyika.

"Kontena lina digrii ngapi?" alimwuliza Meneja.

"Nne. Dawa zinataka kati ya mbili na nane."

"Mtu mwenye shati la mikono mifupi atavumilia humo hadi lini?"

Meneja alikuwa na funguo nyingi kwenye pete moja na alipenda kuzichezesha. "Inspekta, mtu wako yuko mpakani anakunywa soda ya baridi. Unamtafutia blanketi la nini?"

Inspekta aliingia chumba cha ramani.

Kilikuwa chumba kidogo chenye feni moja, skrini mbili na jamaa wa makamo mwenye miwani mizito, ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani na yeye mwenyewe aliitika. Kila lori la kampuni lilifungwa traka, kifaa cha kulifuatilia, na kila traka ilituma ujumbe kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta ya pale. Malori yalionekana kwenye ramani kama vidoti vya kijani. Namba kumi na saba ilikuwa kidoti chekundu kwenye mzunguko wa barabara kuu, palepale ilipokuwa jana mchana.

"Hapo ndipo ilipozimika," Miwani alisema. "Nimejaribu kila dawa."

"Ujumbe wenyewe, kabla haujawa kidoti, unaukuta wapi?"

"Kuna faili ghafi. Lakini halisomeki, afande. Aliyetuuzia mfumo alishafunga ofisi na kupotea. Hakutuachia hata karatasi moja ya maelezo."

"Nipishe kwenye kiti."

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri na kulimwaga lile faili. Skrini ikajaa jozi za tarakimu na herufi, 7e 7e 2a na wenzake, mstari juu ya mstari, kama mchele uliomwagika na mawe yake. Sajenti aliinama akatazama, akanyooka haraka. Huyo Sajenti angeweza kumfukuza mwizi paa kwa paa, lakini kompyuta ilimpa kizunguzungu.

Hakuna mtu anayesoma kitu kama kile kwa macho, na Inspekta hakujaribu. Aliandika skripti fupi ya sheli, orodha ya amri ambazo kompyuta ingezifuata moja baada ya nyingine. Kwanza, kila inapotokea 7e 7e, mstari uanze upya, maana jozi ile ilijirudia mno kuwa bahati nasibu. Pili, itupwe kando mistari isiyo na urefu sahihi, kwani aliona upesi kwamba jozi ya tatu ilikuwa inataja urefu wa ujumbe. Tatu, cut ikate safu moja, sort iipange, uniq ihesabu kila thamani imetokea mara ngapi.

"Kila ujumbe una kichwa," alimwambia Sajenti bila kugeuka. "Chukulia bahasha. Kabla ya barua yenyewe kuna alama, kuna nani katuma, kuna lini. Mimi sijui bahasha hii imepangwaje, kwa hiyo naikagua safu kwa safu. Safu isiyobadilika ni alama ya mwanzo. Inayopanda moja moja ni hesabu ya ujumbe. Na yenye thamani nyingi sawa na idadi ya malori, hiyo ni namba ya lori."

"Malori mko nayo mangapi?" Sajenti akamwuliza Miwani.

"Ishirini na manne."

Safu ya tano ilitoa thamani ishirini na nne kamili. Inspekta alipiga meza kwa kiganja. Mashine huhesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo kumi na saba yetu kwake ni 11. Akachuja mistari yenye 11 katika safu ile, akachukua wa mwisho. Mahali penyewe hapakumsumbua: jozi nne za latitudo na nne za longitudo ambazo mwanzo wake haukubadilika, kwa kuwa malori yote yako mji mmoja. Zikaangukia kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji.

Akampigia simu dereva wa lile gari la doria lililobaki. "Machimbo ya kokoto. Tafuta lori jeupe lenye kontena. Fungua kontena kwanza, mengine baadaye. Nenda mbio."

Mke wa dereva alikuwa ameshafika mlangoni, pochi kifuani. "Mmempata?"

"Tunaangalia, dada. Kaa kidogo."

Hakukaa. Walisubiri wote wamesimama, feni ikizunguka na kulia kwenye kona. Kutoka mjini hadi machimboni si karibu, na barabara ile ina mashimo ya kuzika ng'ombe. Simu ilipolia Inspekta aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Afande, hapa kuna mbuzi," dereva wa doria alisema.

"Na lori?"

"Mbuzi tu, afande. Nimezunguka kote. Mwenye mbuzi anasema yalipita malori mawili ya kokoto jana jioni na moja la kontena halikusimama."

Inspekta alirudi kwenye skrini, na sasa akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo: akatoa mistari yote ya namba 11, si wa mwisho tu. Lori moja lilikuwa sehemu nane tofauti za mji kwa wakati mmoja. Akatazama orodha ya zile thamani ishirini na nne. Ya kwanza ilikuwa sifuri.

"Miwani, kuna lori namba sifuri?"

"Tunaanzia moja, afande."

"Basi hii si namba ya lori." Aliyatoa maneno mdomoni kwa shida. "Hii ni saa. Saa za siku nazo ni ishirini na nne. Nimechukua ujumbe wote uliotumwa jana jioni, wa kampuni nzima, nikaufanya lori moja."

Kutoka mlangoni Meneja alicheka. Hakucheka sana, ila alicheka, na mke wa dereva aligeuka kumtazama hadi akaacha.

"Muda wote huo," mwanamke alisema. Hakuwa anamlaumu mtu, alikuwa anahesabu baridi. "Muda wote huo yuko humo."

Inspekta aliuma midomo. Radhi angeiomba baadaye, kama kutakuwa na wa kuombwa. Akarudi safu moja nyuma: safu ya nne, thamani ishirini na nne vilevile, ila hii ilianza na moja. Alikuwa ameipita kwa haraka zake. Akachuja 11 upya. Mistari ikapungua, na safari hii ilikwenda kama lori linavyokwenda: kutoka uani, hadi ghala la dawa, hadi barabara kuu, hadi kwenye mzunguko. Hapo ikaisha. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa jana mchana, palepale penye kidoti chekundu. Kazi yote ile, na alichoambulia ni kile ambacho ramani ilishamwambia alipoingia.

Simu ikalia tena. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Nasikia umepeleka doria yangu kwa mbuzi."

"Nilikosea safu, mkuu."

"Rudi kituoni. Hati ya kumkamata dereva imeshatoka."

"Mkuu, nakuomba. Kama yuko ndani ya kontena..."

"Kama, kama. Una nini mkononi?"

Hakuwa na kitu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na Mkuu alimwacha aelee hapo kidogo kabla ya kukata simu.

Skrini ya pili ilikuwa imeanza kuganda. Vidoti vya kijani vilisogea kwa kusitasita. Meneja akaona. "Miwani, hujasafisha mfumo leo? Safisha hizo takataka, magari mengine yana kazi."

Miwani akanyoosha mkono kwenye kibodi. "Samahani bosi. Asubuhi nilihangaika na namba kumi na saba, halafu afande akakalia kiti changu."

"Takataka gani?" Inspekta aliuliza.

"Chafya, afande."

"Nini?"

Miwani aliona haya kidogo. "Sisi tunaziita hivyo. Lori likiingia chini ya paa la bati, traka haizioni setilaiti, basi inatuma vijumbe vifupi visivyo na mahali. Kama mtu anayepiga chafya. Ramani haiwezi kuvisoma, vinarundikana, inaganda. Kwa hiyo kila asubuhi anayewahi kazini anavifuta. Ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya chai. Tumefanya hivyo miaka yote."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Inspekta alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu iliyowashangaza wote wawili.

"Usiguse. Usiguse chochote."

Akageukia skripti yake mwenyewe. Alikuwa ameiambia itupe kando mistari isiyo na urefu sahihi, na hakuwahi kujiuliza ametupa kiasi gani. Akahesabu iliyoingia, akahesabu iliyotoka. Zaidi ya theluthi ya faili ilikuwa kwenye jalala. Kampuni ilikuwa inafuta chafya kila asubuhi, na yeye, mtaalamu aliyeletwa kutoka kituoni na masomo yake yote, alikuwa amezitupa kwa mstari mmoja wa amri.

Akalifungua jalala. Mistari mifupi, yote ya urefu mmoja:

7e 7e c1 11 04 fd 3a 90

"Alama ni ileile," alisema, na sasa alikuwa anajisemea. "Ila ya tatu si urefu. c1 ni mia moja tisini na tatu, na mstari wenyewe una jozi nane tu. Ya tatu ni aina ya ujumbe. Kwa hiyo vichwa viko viwili. Mimi nilisoma kimoja nikadhani ndicho peke yake."

Akaanza tena, safu kwa safu, taratibu, ingawa kila kitu mwilini kilimtaka akimbie. Safu ya nne: inaanza na moja, haipiti ishirini na nne. Namba ya lori, na safari hii alihakikisha mara mbili. Akachuja 11. Akategemea mistari mitatu minne. Ilimwagika hadi ikapita juu ya skrini, na alipodhani imeisha ukaongezeka mmoja chini, mbele ya macho yao.

"Hiyo imekuja sasa hivi?" Sajenti aliuliza.

"Sasa hivi."

"Kwa hiyo lori liko hai."

"Lori liko chini ya paa. Subiri." Alikuwa ameshaikata safu ya sita na kuigeuza iwe namba za kawaida. Zikashuka skrini nzima: nne, nne, nne, nne, tatu, mbili, moja, sifuri, mia mbili hamsini na tano, mia mbili hamsini na nne, mia mbili hamsini na tatu.

"Hapo pameharibika," Miwani alisema. "Kutoka sifuri hadi mia mbili na hamsini?"

Inspekta alitaka kukubali, maana zilionekana mbovu kweli. Lakini zilishuka moja moja kwa adabu hadi sifuri, na kitu kibovu hakina adabu. Akakumbuka mita ya gari la zamani ukiizungusha kinyumenyume: ikipita sifuri, inarukia namba kubwa kuliko zote na kuendelea kushuka.

"Ni joto," alisema. "Mia mbili hamsini na tano ni moja chini ya sifuri. Mia mbili hamsini na tatu ni tatu chini ya sifuri. Kontena lilikuwa nyuzi nne usiku kucha. Kuna mtu amelishusha."

Mke wa dereva alikaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani, na Sajenti hakujua amwinue au amwache.

"Limeshushwa lini?" Sajenti aliuliza.

Chafya hazikuwa na saa. Lakini zilikuwa zimebanwa katikati ya jumbe ndefu za malori mengine, na hizo zilikuwa nayo. Inspekta akatazama zilizo juu na chini. "Leo asubuhi. Muda mfupi kabla Meneja hajafika kazini." Alisema bila kumwangalia mtu. "Aliyeshusha alikuwa amesimama karibu na lori. Kile kitufe cha baridi si kiko nje ya kontena?"

"Kiko nje, mbele," Miwani alijibu.

"Sasa nielezeni safu mbili za mwisho. 3a 90. Malori yaliyolala hapa uani yana namba nyingine, na kwa yote ni ileile."

"Itakuwa mnara wa simu. Traka inakamata mnara ulio karibu."

"Kuna lori lingine lililopiga chafya na mnara huo huo?"

Grep, amri ya kutafuta, ilijibu kabla Miwani hajafungua mdomo. Lilikuwepo moja. Namba tano, jana jioni.

Na hapo Inspekta akaona njia. Namba kumi na saba iliingia chini ya paa bila kutoka, na traka yake ilizimika kwenye ramani tangu pale kwenye mzunguko. Huenda waliifunika kwa kitu. Lakini namba tano iliingia na kutoka, na hakuna aliyejali kuifunika. Akatafuta ujumbe mrefu wa mwisho wa namba tano kabla ya chafya, na wa kwanza baada ya chafya. Kwa safu zilezile alizokosea asubuhi, akapata mahali. Jumbe zote mbili zilionyesha geti moja.

Akageuza kiti. "Meneja, lori namba tano jana jioni lilikwenda wapi?"

"Matengenezo."

"Gereji gani?"

"Gereji yetu."

"Gereji yenu iko hapa uani, naiona dirishani. Lilikuwa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kuna nini huko?"

Funguo ziliacha kucheza. "Hapo palikuwa na ghala letu la zamani. Tulishalifunga."

"Nani ana ufunguo?"

"Sikumbuki."

"Lori namba tano liliingia tupu likatoka na dawa. Dereva wa kumi na saba akawaona mnahamisha mzigo. Nani ana ufunguo?"

Meneja akaingiza mkono mfukoni kutoa simu. Sajenti alikuwa ameshachoka na kompyuta. Hii sasa ilikuwa kazi anayoijua. Simu ilitoka mkononi mwa Meneja, na pete ya funguo nayo, na Meneja mwenyewe akajikuta kifua ukutani na pingu mikononi. Askari waliyemwacha getini akaitwa aje amkalie.

"Sikutaka afe," Meneja aliuambia ukuta. "Nilitaka atulie. Alikuwa anapiga kelele, watu wangesikia."

Mke wa dereva aliinuka kutoka sakafuni. Alimpita Meneja, akateremka ngazi, na Inspekta na Sajenti walipofika kwenye gari walimkuta ameshakaa kiti cha nyuma. Sheria ilikuwa inasema ashuke. Sajenti akawasha gari.

"Miwani, usikate simu," Inspekta alisema, simu yake juu ya dashibodi, kipaza sauti kimewashwa. "Nisomee kila chafya ya kumi na saba inayoingia."

"Imeingia moja. Joto mia mbili hamsini na mbili."

"Nne chini," mke alisema. Alikuwa ameshajifunza hesabu ile.

Mbele yao kulikuwa na foleni, na Sajenti alipanda ukingo wa barabara, akashuka, akapanda tena. King'ora kilipiga kelele lakini malori ya mchanga hayana masikio.

"Afande, kuna safu moja hujaniambia," Miwani alisema kwenye simu. "Ya tano. Malori mengine karibu yote ni 01. Hili ni 04 tangu jana."

Inspekta alikuwa ameiona. Alikuwa ameiacha kwa kukosa muda. "01 ndiyo ya kawaida? Inakuja kwa zamu?"

"Kwa zamu, kila robo saa. Lakini hizi za 04 haziji kwa zamu. Zinakuja tatu pamoja, halafu kimya, halafu nne pamoja, halafu kimya. Usiku zilikuwa nyingi sana. Nne ni mlango, afande, nimelinganisha na malori yanayopakua hapa uani. Mlango ukiguswa, traka inatuma 04."

"Mlango umefungwa kwa kufuli."

"Ndiyo. Kwa hiyo si mlango."

Mke wa dereva aliegemea mbele katikati ya viti. "Kuna swichi," alisema. "Ndani, chini, pembeni mwa mlango. Alikuwa anailalamikia kila siku. Akipita shimo inaguswa, kengele inalia kwenye kabini. Nilikuwa namwambia aing'oe." Akaziba mdomo kwa kiganja, akakiondoa. "Anaibonyeza. Ni yeye. Anawaita."

Dereva aliita usiku kucha, kila wito ukafika salama kwenye meza ya watu waliozoea kuufuta kabla ya chai.

"Miwani, ya mwisho ilikuja lini?"

"Ile niliyokusomea."

"Na kabla ya hapo?"

"Zinaachana, afande. Asubuhi zilikuwa nne nne. Sasa ni moja, halafu kimya kirefu." Wakasikia kiti chake kinalia. "Nimekodoa macho hapa. Ikija nitasema."

Walipita kiwanda cha magodoro. Mtaa wa nyuma ulikuwa na vumbi na kuta ndefu, na geti la bati lililopakwa rangi mpya mahali ambapo hapana kitu kingine kipya.

"Miwani?"

"Bado, afande."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Hakuna. Hakuna tena."

Mke wa dereva alianza kusema kitu chini kwa chini, kilekile, bila kupumzika, na Inspekta hakutaka kukisikia. Sajenti alikata kona kwa kasi na kusimama pua ya gari ikigusa geti. Ufunguo wa tatu kwenye pete ya Meneja ukafungua. Ndani kulikuwa na giza na mngurumo wa mashine ya baridi, na lori jeupe lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, turubai limetandikwa juu ya kabini. Inspekta aliizima mashine kwanza. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko ule mngurumo, kwa sababu hakuna kilichogonga kutoka ndani.

Kufuli ya kontena haikuwa na ufunguo kwenye pete. Sajenti alileta mtaimbo, akauchomeka, akaning'inia kwa uzito wake wote. Mara ya kwanza uliteleza ukamchana mkono. Mara ya pili kufuli ilipasuka.

Mlango ulifunguka na ukungu mweupe ukawamwagikia miguuni.

Dereva alikuwa amekaa palepale, nyuma ya mlango, magoti kifuani, amejizungushia maboksi machache ya dawa yaliyosalia, ameyachana. Midomo ilikuwa ya kijivu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini, pembeni mwa fremu, na kidole gumba kilikuwa kinashuka na kupanda juu ya kitu kidogo cheusi, polepole mno.

Inspekta alipiga goti. Ilikuwa swichi ya mlango. Waya wake ulikuwa umekatika kwenye shina kwa kubonyezwa mara zisizohesabika, na ncha ilikuwa inaning'inia hewani, haijaunganishwa na chochote.

Mke wake alipanda, akapita katikati ya maaskari, akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Tumekusikia," alimwambia. "Baba watoto, tumekusikia. Acha sasa."

Kidole kiliendelea kubonyeza, ndani ya kiganja chake.